Kahawa ya Jumapili Katika Boti ya Bwana Kipima

Ukitaka kumjua mtu aliyechoka, usimtafute mpagazi wala mkulima wa shamba la Mzungu. Mtafute mpishi wa boti siku ya Jumapili. Shemeji yangu Apolinari alikuwa mpishi wa namna hiyo, na mimi nilikuwa mpiga pondo, msukuma boti kwa mti mrefu, katika boti hiyohiyo, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona mwenyewe, pamoja na yale ambayo ningependa nisingeyaona.

Jina langu ni Kasmiri. Nililipata kwa ubatizo, baada ya safari hii. Wakati ule nilikuwa bado mtu wa zamani, nikitupa mtoni punje za wali kwa ajili ya wazee wetu kabla sijala. Lakini niite Kasmiri tangu mwanzo, tusichoshane kwa majina mawili.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka mitatu hivi. Akaja Ifakara Mdachi mmoja na boti ya chuma iliyoletwa vipande vipande vichwani mwa watu kutoka pwani. Alitaka kujua kama meli ya moshi ingeweza kupanda Mto Kilombero. Kutwa alikuwa akishusha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi majini, anaipandisha, anaandika kina. Sisi tukamwita Bwana Kipima. Alichukua wapiga pondo wanane, askari wawili Waislamu, na mpishi. Padri mmoja mwembamba, aliyekuwa akitetemeka kwa homa kila baada ya siku mbili, akaomba nafasi ili awafikie Wakristo wachache waliokuwa upande wa kijiji cha Mbingu. Bwana Kipima hakuwa wa dini yake, lakini alimpa. Nadhani alikuwa amechoka kuzungumza peke yake.

Jumapili boti haikusafiri. Tulifunga kwenye mchanga na sisi wa pondo tukanyoosha migongo. Mpishi hakunyoosha chochote. Jiko lake lilikuwa nyuma ya boti, sanduku la mchanga lenye mafiga matatu, na Jumapili dini nne zilikuwa zikisubiri chakula katika sanduku hilo moja. Bwana Kipima alisali peke yake chini ya turubai, akisoma kitabu chake na kuimba kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. Mchana alitaka supu, kuku wa kuoka na mkate mpya. Padri alitandika altari ya kukunja pale mchangani, akasoma Misa, na baada ya Misa alitaka yai moja na kahawa, ambavyo mara nyingi vilimshinda. Askari walikuwa na sufuria yao, isiyoruhusiwa kukaribiana na nyama ya ngiri, na kuku wa boti nzima ilibidi wachinje wao. Sisi tulitaka wali mwingi na kambale, na kidogo cha kuwatupia wazee. Apolinari aliwapikia wote. Jasho lilimtoka tangu alfajiri hadi jioni, na hakuna aliyemwambia asante, mimi nikiwa wa kwanza.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Miaka mitatu nilikuwa sijala naye chungu kimoja.

Mke wake, Justa, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Mwaka wa vita Apolinari alikunywa maji ya mganga kama wanaume wengi, akaambiwa risasi zitageuka maji, akaenda na wenzake kushambulia boma la Mahenge. Risasi hazikugeuka kitu. Alirudi akitambaa. Kisha askari wakaja wakachoma maghala na mashamba, na bonde hili la mpunga, ambalo watu huja kutoka mbali kuomba chakula, likakaa na njaa. Apolinari akaenda kutafuta kazi kwenye kambi ya Wadachi, akapata kazi ya jikoni. Alisema atarudi na mchele baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi miwili, na gunia begani, siku tatu baada ya sisi kumzika Justa. Dada yangu alikuwa akila mizizi ya porini. Katekista Valeriani alimmwagia maji ya ubatizo akiwa hawezi hata kushika kikombe, na jina hilo la Justa alikaa nalo siku moja na nusu.

Nilimwangalia yule mtu na gunia lake na nikamchukia. Miezi miwili alikuwa akionja mchuzi wa Mzungu. Nilimwambia hivyo, mbele ya watu, na tangu siku hiyo tulisalimiana tu. Yeye akaenda akabatizwa. Mimi nikabaki na hasira yangu.

Kuonja ndiko kulikomtesa ndani ya boti. Bwana Kipima alikuwa na rafiki aliyekufa wakati wa vita baada ya chakula cha jioni, na aliamini kabisa kwamba mpishi alimtilia sumu. Basi yeye hakuweka kitu mdomoni kabla mpishi hajaonja mbele yake. Hakutazama sufuria wala kijiko. Alitazama koo la Apolinari. Likipanda na kushuka, anapokea kikombe.

Kahawa ya kwanza aliinywa kabla ya jua, kwa sababu alikuwa akiamka mapema kupima maji yameongezeka au yamepungua usiku. Misa ya Padri ilikuwa jua likishatoka, maana homa haikumruhusu kuamka mapema. Hapo ndipo penye shida. Mkristo anayetaka kupokea komunio hakuruhusiwa kula wala kunywa tangu saa sita ya usiku. Apolinari alikuwa amepokea mara moja tu, siku ya ubatizo wake. Tangu hapo, kila alipofika mahali penye Misa, kahawa ya bwana fulani ilikuwa imeshatangulia kooni mwake.

Jumapili ya kwanza nilikuwa naosha uso pale karibu nikamsikia akimuuliza Padri.

"Baba, hata funda moja?"

"Hata tone la maji, mwanangu."

"Na kama ni kazi?"

Padri akajikusanya, akaenda chini ya turubai kumwombea ruhusa. Walizungumza kwa lugha yao. Alirudi masikio yamemwiva.

"Anasema mpishi asiyetaka kuonja ana sababu yake," akasema. "Mimi ni mgeni katika boti hii, Apolinari. Sina amri."

Siku hiyo Apolinari alihudhuria Misa akiwa amekaa nyuma, karibu na kuku waliofungwa miguu. Wengine wawili wa pondo, waliokwisha batizwa, walipiga magoti wakapokea. Yeye alirudi kwenye mafiga.

Wiki ya pili alinijia mchangani, nikishona neti. Alikuwa na kuku mkononi, anamnyonyoa huku anaongea, maana mpishi hana muda wa kukaa tu na kuzungumza.

"Shemeji," akasema, "najua hutaki kuniona."

"Nakuona kila siku. Boti yenyewe ndogo."

Hakucheka. Akasema, "Padri anashukia Mbingu. Jumapili zimebaki mbili. Sijui nitamwona padri tena lini. Nataka nipokee mara moja kwa ajili ya Justa. Wametufundisha unaweza kumpokelea marehemu, ikamsaidia huko aliko."

"Itamsaidia nini? Alikufa kwa njaa."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nataka kula kwa jina lake. Siku zile nilikuwa nakula. Kila kijiko cha yule bwana kule kambini nilikionja, nikameza, nikisema kesho nitaomba ruhusa nirudi nyumbani. Na kesho yake nikasema kesho. Niliogopa, shemeji. Niliogopa wakijua nilikuwa vitani watanitundika. Sasa kila nikionja namwona."

Manyoya yalikuwa yamemganda mikononi. Nilitaka kumwambia neno la kumuumiza, na nilikuwa nalo tayari, lakini nilimtazama nikaona hakuna pa kuumiza palipobaki. Nikasema tu, "Jumapili nitaonja mimi."

Basi Jumapili ya pili, nyota zikiwa bado angani, nilisimama mbele ya Bwana Kipima na kikombe mkononi kama bwana harusi. Sikuwahi kunywa kahawa maishani mwangu. Niliinywa. Uchungu wake ulinikunja uso, na nikamwona yule Mzungu akisogea nyuma. Akaniuliza, "Umepika wewe?"

"Hapana, Bwana."

"Basi koo lako halina kazi hapa." Akamwita Apolinari. Apolinari akanywa.

Wenzangu walinicheka wiki nzima kwa ule uso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kutaka jambo lile lifanikiwe, na sikupenda kwamba nalitaka. Siku sita tulisukuma boti kati ya matete. Jua lilituunguza, mbu wakatula, mto ukapinda na kupinda mpaka unadhani unarudi ulikotoka. Jumamosi jioni tukafunga kwenye mchanga mweupe upande wa Mbingu. Wakristo waliokuja kumpokea Padri walikuwa wakisubiri ng'ambo, wangemchukua Jumatatu.

Siku hiyo Apolinari hakula jioni. Alisema tumbo limejaa. Hata maji hakunywa, na alikuwa ameshinda motoni.

Alfajiri ya Jumapili ya tatu niliamka mapema bila kuamshwa. Nilimwona akibeba kikombe kwa mikono miwili. Alikiweka mdomoni, akakiinamisha, akashusha, akakitoa mbele. Nilijua mara moja kwamba midomo ilikuwa imefungwa. Bwana Kipima naye alijua. Hakupokea.

"Meza," akasema.

"Bwana, leo nisamehe. Baada ya Misa nitakunywa birika zima, na ukitaka nitalirudia."

"Meza sasa."

"Leo siwezi, Bwana."

Nieleze hapa ili asiwepo wa kusema shemeji yangu alikuwa mjinga. Alikuwa na njia ya kutokea. Ilitosha funda moja. Hakuna ambaye angemlaumu, hata Padri. Lakini alikuwa amemeza mambo mengi kwa ajili ya usalama wake, na siku ile akakataa kumeza. Bwana Kipima akawa mweupe kabisa, akaona sumu waziwazi machoni pake. Akaita askari. Akasema viboko ishirini na tano, adhabu tuliyokuwa tukiiita hamsa ishirini, mpaka mpishi anywe au aseme ametia nini.

Apolinari alilala mwenyewe mchangani, hakungoja kushikwa. Askari yule alikuwa mtu aliyekula wali wa mkono wake kila siku. Alipiga. Sikuhesabu. Nilisimama pale na wapiga pondo wenzangu, watu wanane wenye mabega ya kusukuma chuma, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulikwishaona vita. Hasira tulikuwa nayo, nguvu ya kuitumia hatukuwa nayo tena.

Aliyefungua mdomo ni Padri. Alitoka hemani na kanzu nyeupe ya Misa imeingia mkono mmoja tu, anayumba kwa homa, akajitupa katikati na kushika kile kiboko. Kisha akaenda chini ya turubai, na huko wakapigiana kelele kama hawakutoka nchi moja.

Apolinari alikuwa amezimia. Macho yalikuwa wazi nusu, hayaangalii kitu. Sasa nisikilize vizuri. Kwetu mtu akizimia, unampa maji. Hufikiri, hushauriani, mikono inajua yenyewe. Nilichota mtoni kwa kibuyu, nikamnyanyua kichwa nikakiweka pajani, nikammiminia mdomoni. Mengine yalimwagika kifuani. Mengine yaliingia. Nilimtazama koo. Lilipanda, likashuka. Likapanda tena, likashuka.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kile ambacho viboko havikuweza kumfanyia nilikuwa nimemfanyia mimi, kwa huruma yangu.

Alifumbua macho. Alitazama kibuyu, akatazama maji kifuani pake, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema polepole. "Nimemeza?"

Nilimwona Justa. Sijui kwa nini nilimwona akiwa mdogo, anakimbiza ndege shambani. Nikasema, "Hujameza. Yamemwagika yote."

Akaendelea kunitazama. "Una hakika?"

"Nimekushika kichwa mimi mwenyewe. Hata tone."

Akafumba macho kidogo, kisha akaomba nimsimamishe.

Kule chini ya turubai, Bwana Kipima alimlazimisha yule askari anywe kahawa ile yote. Wakakaa wakimtazama. Askari akapiga mbweu, na hakufa. Bwana Kipima hakuomba radhi. Alisema tu apikiwe nyingine, ile imepoa. Padri akaja kusoma Misa. Apolinari alipiga magoti mbele kabisa, shati limeshikana na mgongo, akafungua mdomo akapokea. Nilisimama nyuma na watu wa zamani. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana ningeyafuta wangejua ni machozi.

Saa sita mchana alikuwa kwenye mafiga tena. Supu, kuku, mkate. Askari na sufuria yao, Padri na yai lake. Bwana Kipima alitazama koo likipanda na kushuka, akala vizuri. Sisi tulipopakuliwa wali, Apolinari alikuja akakaa karibu na sinia letu, akiegemea upande mmoja kwa sababu ya mgongo. Miaka mitatu sikula naye. Siku hiyo nilinyoosha mkono nikala. Wenzangu walidhani nimemsamehe. Ukweli ni kwamba niliona aibu, nikashindwa kuinuka.

Meli ya moshi haikuja. Bwana Kipima alirudi pwani na vitabu vyake, na mto ukabaki na mitumbwi yetu. Padri alifariki kwa homa ile ile kabla ya masika. Mimi nikaingia mafundisho kwa katekista Valeriani. Watu walisema ni kwa sababu ya Misa ile ya mchangani, na kweli ni kwa sababu yake, ila si kwa namna waliyodhani. Nilitaka kuoshwa. Valeriani alinihakikishia kwamba ubatizo unaosha kila kitu, nikabatizwa, nikatoka na jina jipya na uongo wangu wa zamani. Dhambi niliyoila mwenyewe ningeweza kuamini imeoshwa. Hii nilikuwa nimemlisha mtu mwingine.

Na yeye alikuwa ametulia. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Aliacha upishi wa Wazungu, akalima mpunga, akawa mtu wa kucheka kidogo. Kila mwaka siku ya kumkumbuka Justa alisema, "Yule nimeshampokelea," kama mtu aliyefikisha mzigo. Nami naitikia, "Ndiyo, shemeji." Ningewezaje kumwambia?

Kisha vita vya Wazungu kwa Wazungu vikafika mpaka bondeni kwetu. Wadachi wakamchukua tena Apolinari, si kwa upishi wa boti sasa, bali kubeba masufuria ya jeshi kichwani kwenye mvua. Alirudi Ifakara baada ya mwaka mmoja na kifua kilichokuwa kikilia kama mlango mbovu. Nilimkuta nyumbani kwake amelala, mchana, mvua ikinyesha. Niliona hatafika mavuno. Nikajiambia leo, Kasmiri, au basi.

"Shemeji," nikasema, "kuna neno la mchanga ule wa Mbingu."

"La maji," akasema.

Nikamwinamia.

"Yalikuwa ya baridi," akasema. "Nilikuwa nimekaa na kiu tangu jioni, nimepigwa, nawaka moto mwili mzima. Unadhani sikuyasikia yakishuka? Yalifika mpaka tumboni."

Nikakaa chini penye mkeka. "Kama ulijua, uliniuliza nini? Miaka yote hii nimebeba neno hili peke yangu! Ulipokea ukijua?"

Alikohoa muda mrefu. Nilimshika bega mpaka kikohozi kikapita.

"Niliungama kwa Padri palepale, kabla hajashuka boti," akasema. "Alilia. Akasema tumwachie Mungu. Lakini wewe sikukuuliza habari za sheria, Kasmiri. Justa alikuwa dada yako. Uliwahi kuniambia mbele ya watu nilikuwa naonja mchuzi naye anakufa, na ulisema kweli. Nilitaka wewe useme kama nastahili kula kwa ajili yake."

Mvua ilikuwa ikipiga makuti.

"Ukasema nile," akasema. "Ningefanyaje? Nikala."

Akaomba maji. Nilikwenda kwenye mtungi nikachota, nikamnyanyua kichwa nikakiweka pajani, nikamnywesha polepole, nikilitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka kikombe kikaisha.